Mwanangu anasota, hatembei: nihesabu vipi miezi yake?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina watoto wawili. Wa kwanza, wa kike, alitembea akiwa na miezi 10. Huyu wa pili, wa kiume, ametimiza miezi 14 na bado. Hajawahi kutambaa kwa magoti kama dada yake. Anasota kwa makalio sebule nzima, mkono mmoja sakafuni, mwingine umeshika kijiko. Akishika kochi anasimama, akiachia anakaa chini. Alizaliwa wiki ya 35. Mama mkwe wangu, yuko Kibosho, anasema tumchimbie shimo la mchanga asimamishwe humo hadi kiunoni. Baba yake naye ameshalipia woka, kile kigari cha kufundishia kutembea, dukani. Nifuate la nani? Na umri wake nihesabu tangu siku aliyozaliwa?
Mama wa wawili, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia ya watoto, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila jina hilo nimeshachoka kulikataa.

Hesabu kwanza. Mimba hupimwa kwa wiki 40, wako akatoka ya 35, kwa hiyo ana wiki 5 alizopaswa kuwa bado tumboni. Zitoe kwenye miezi 14, inabaki miezi 12 na wiki tatu hivi. Huo ndio umri wa kumpimia kukaa, kusimama na kutembea, na tunautumia mpaka afikishe miaka miwili. Kwenye chanjo usiutumie: ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 hufuata tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Kwa hesabu hiyo mwanao ndiyo kwanza amevuka mwaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo: karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Pengo la miezi tisa, na wote wazima! Dada mtu alipita mlangoni mapema, kaka yake bado ana nafasi. Humo humo, watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti.

Wanaosota nawafahamu vizuri. Mtoto wa namna hii anakaa wima, anaona sebule yote, mkono mmoja uko huru kwa kazi zake. Haraka ya kusimama aitoe wapi? Wengi wao huchelewa kutembea, wengine hadi wanakaribia miaka miwili, na mara nyingi jambo hili lina ukoo. Muulize mama mkwe kama baba wa mtoto naye hakusota.

Lakini hicho kijiko kimenifanya nisome swali lako mara mbili. Hukusema kama mkono unaokishika ni ule ule kila siku. Mtoto wa umri huu anatakiwa kutumia mikono yote miwili bila ubaguzi mkubwa. Kiweke kijiko upande wa pili, au shika kwa upole mkono anaoupenda, uone kama mwingine utafunguka na kukamata. Ukikuta mmoja ndio unaofanya kazi siku zote na mwenzake umekunja ngumi, au mguu wa upande huo ni mgumu wakati wa kumvalisha nepi, usisubiri miezi 18. Mlete aonwe wiki hii.

Jaribio la pili lifanyie kitandani. Mshike kifuani kwa mikono miwili, kifudifudi, kisha mshushe kichwa kikitangulia kuelekea godoro, si kwa kasi ya kumtisha. Mikono yote miwili inapaswa kunyooka mbele kujikinga, vidole vimefunguka. Ukiona hivyo pande zote mbili sawasawa, ujue mwili wake unajiandaa kwa kuanguka, na asiyejua kuanguka hatembei.

Nakuelewa kwa sababu wa kwangu wa pili alitembea na miezi 16. Mchana nawatuliza akina mama, usiku nampapasa mapaja akiwa amelala, nakunja goti, nakunjua, natafuta ugumu ambao haukuwepo. Mke wangu alinifuma siku moja nikiwa na tochi ya simu, akanifukuza chumbani. Hatua yenyewe sikuiona. Nilipigiwa simu kazini kwamba amemfuata kuku hadi uani.

Woka: dukani warudishe pesa. Kile kigari kinamning'iniza mtoto, anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kubeba uzito wala kujirudisha anapoyumba. Hakiharakishi kutembea. Kibaya zaidi kinampa mwendo asio na akili nao: ngazi za barazani, jiko la mkaa, chupa ya chai mezani. Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004.

Shimo nalo hapana. Mchanga unamshikilia kama nguzo, wakati anachohitaji ni magoti kukunja na kunyooka, kushuka na kupanda, mara mia kwa siku. Mama mkwe mpe kazi nyingine, maana nia yake ni njema. Akae kwenye kigoda upande mmoja wa kochi na kipande cha ndizi mbivu, mtoto asimame upande wa pili, ajisogeze kwa kushikilia. Akizoea, wekeni stuli karibu na kochi, ziachane kwa kiasi ambacho mkono wake unafika. Nafasi mwiongeze kidogo kidogo. Siku moja ataachia katikati na kusimama dede, hapo msipige kelele, mtamwangusha. Na kama mama mkwe anapenda kumbeba mgongoni, ambebe. Miguu ikipanuka vizuri kwenye mbeleko, nyonga zinafaidika.

Nyumba nyingi za Moshi ninazoingia zina sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu mpaka unajiona uso, na baridi ya Juni na Julai mtoto anavishwa soksi. Anasimama, anateleza, anakaa. Kwake hiyo ndiyo akili! Mvue soksi anapocheza, suruali ndefu na sweta vinatosha, au tandika mkeka usioteleza mbele ya kochi.

Akitimiza miezi 18 mtampeleka kwenye chanjo ya pili ya surua na rubela. Kama hajatembea, mwambie nesi siku hiyo hiyo, mwonyeshe kadi, taja wiki ya 35 na taja kusota, uombe rufaa ya fiziotherapia, iwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, zote za hapa Moshi. Kwa hesabu yetu atakuwa hajafika 17, ila foleni nazo huchukua muda. Na ikitokea wakati wowote ameacha kitu alichokuwa anakiweza, kama kusimama kwenye kochi au kusema "mama", njoo bila rufaa ya mtu.