Unaenda kuchimba nje ya nchi? Soma hii kwanza

Kwa nyie mnaosoma akiolojia chuo na mnafikiria kuomba nafasi ya fildi nje ya nchi, mimi nasema ombeni, tena msisubiri mwaka wa mwisho. Ila kuna kitu kwenye matangazo hakisemwi sana, manake wanaweka picha za wanafunzi wanacheka wameshika mwiko wa kuchimbia jua linazama, mtu anaenda akijua anaenda kuokota dhahabu.

Mimi nilienda Italia, fildi ya kiangazi, eneo la makazi ya wakati wa Warumi. Cha kwanza kabisa unachoambiwa ni kwamba kuchimba ni kuharibu. Tabaka la udongo ukishaliondoa halirudi, hakuna mtu mwingine atakayeliona lilivyokuwa, kinachobaki ni ulichoandika kwenye fomu na ulichopima na kuchora na kupiga picha, basi. Sasa fikiria wewe ni mwanafunzi tu na ushahidi wote wa lile tabaka umeshikwa na uangalifu wako. Hakuna mtihani wa darasani umewahi kunikomaza hivyo.

Kazi yenyewe ya kila siku ni kuparua kidogo kidogo, kubeba ndoo, kuchekecha, halafu jua likiwa kali mnakaa kivulini kuosha vigae vya vyungu kwa mswaki na kuviandika namba. Hata rangi ya udongo huisemi kwa kubahatisha, unachukua chati ya Munsell unalinganisha mpaka upate namba yake. Halafu kila unachosema supavaiza anakuuliza umejuaje? Unasema hii ni sakafu, umejuaje. Unasema hili shimo limechimbwa baada ya ukuta, umejuaje, nionyeshe limekata wapi. Matabaka yote mnayapanga kwenye mchoro wa Harris, ule aliobuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973, ni kama mti wa ukoo ila wa udongo, nani alikuja kabla ya nani.

Na kwenye fomu sehemu ya maelezo iko mbali na sehemu ya tafsiri. Ulichoona huku, unachodhani kule. Jamani hiki ndo kitu kilichonibadilisha kuliko vyote, kwa sababu ukiwa ugenini akili yako inatafsiri kila kitu kwa haraka sana. Mwenzangu wa chumba alikuwa anaamka haongei na mtu, na nikajikuta najiuliza lile swali la shimoni, hapa nimeona nini? Nimeona ukimya. Dharau sijaiona. Nikamuuliza tu vizuri, akaniambia kwao asubuhi ndo wako hivyo, na tukaja kuwa marafiki wakubwa. Mpaka leo nikisoma meseji ya mtu ikanichoma naanza na hapo.

Ukipata wikiendi ukiwa Italia nenda Pompeii, ule mji wa kale wa Warumi, ila usiende kupiga picha tu. Watu waliofukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo miili yao iliacha uwazi ndani ya majivu, na mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta kwenye ule uwazi ndo tukapata maumbo yao. Kuna mtu mzima mmoja ana bangili ya dhahabu na mtoto yuko naye, miaka na miaka watu wakasema ni mama na mwanawe, mpaka DNA iliyotangazwa 2024 ikaonyesha ni mwanaume na huyo mtoto si wa damu yake. Hata tarehe ya mlipuko, vitabu vingi viliandika Agosti, halafu 2018 yakatangazwa maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na sasa wengi wanaegemea Oktoba. Tena karibu theluthi ya mji haijachimbwa, na sehemu kubwa inaachwa hivyo makusudi kwa ajili ya watakaokuja na vifaa bora kuliko vyetu. Mimi hilo liligusa moyo wangu kweli, mtu ana uwezo wa kuchimba leo na anaamua kumwachia mwingine.

Ushauri wangu sasa. Kabla hujalipa chochote waulize wenye mradi kama wanafunzi wanajaza fomu wenyewe au wanabeba ndoo tu, kama chuo chako kitazitambua krediti, kama wana kibali cha uchimbaji cha nchi husika, na bima inagharamia nini ukiumia. Chanjo ya pepopunda usiiache. Jifunze lugha ya pale hata kidogo, manake wale vibarua wa eneo husika waliochimba misimu mingi wanausoma udongo kwa mkono, wanakwambia hapa pamelegea pana shimo kabla wewe hujaona chochote, na ukikaa karibu nao kwa heshima wanakufundisha vitu profesa hana muda wa kukufundisha.

Na usiikimbie zamu ya kuosha vigae. Wengi wanaiona adhabu, lakini pale ndo mkono unazoea unene wa chungu, mdomo wake, udongo uliofinyangiwa, na siku ukirudi shimoni unakishika kigae kikiwa bado na matope na unaanza kukitambua.