Maswali Yenu: Hoteli ya akina Dreesen kando ya mto Rhine

Toleo lililopita tuliweka picha ya Rheinhotel Dreesen, ile hoteli nyeupe iliyokaa ukingoni kabisa mwa mto Rhine pale Bad Godesberg, mjini Bonn, na chini yake tukaandika mstari mmoja tu kwamba iko mikononi mwa familia moja tangu 1894. Kumbe tumechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Arua mpaka Entebbe, mengine ya kejeli mengine ya maana, haya ndio nimeyachagua.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Niko Jinja, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa karibu na Nile. Ati familia moja inakaa na hoteli miaka 130? Huku kwetu mzee akizikwa tu, arobaini haijafika ushasikia watoto wamegawanyika na madalali wako getini. Hao waliwezaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza walipata mahali. Mwaka 1894 Rhine ndio ilikuwa barabara ya watalii wa Ulaya, meli za mvuke zinashusha watu, reli ya kutoka Köln iko, Godesberg kuna maji ya chemchemi ambayo matajiri walikuwa wanaambiwa na madaktari wakanywe, na ukikaa barazani mwa hoteli unaangalia ng'ambo ya mto unaona mlima Drachenfels na gofu la ngome juu yake. Kwa hio wateja wenye pesa walikuwa wanakuja wenyewe. Pili, wenye hoteli walikuwa wanashinda palepale na wageni, sio wale wa kuajiri meneja halafu wao wanaonekana siku ya kuchukua pesa, na we wa mapokezi unajua hapo ndipo hoteli nyingi za hapa nyumbani zinakufa. Tatu ni sheria za urithi za Ujerumani, hizo nitazigusa mwisho maana kuna mama kaniuliza.

Ila usiwafanye malaika, soma swali linalofuata.

SWALI: Nimesikia Hitler alikuwa analala hapo. Ni kweli au ni umbea wa mitandaoni? Msomaji, Ntinda, Kampala.

JIBU: Ni kweli kabisa na sio mara moja wala mbili. Alianza kwenda tangu miaka ya 1920 kabla hajashika nchi, Fritz Dreesen mwenye hoteli akampokea vizuri, akawa mteja wa kudumu, na mambo mawili makubwa yakapitia hapo.

La kwanza ni Juni 1934. Tarehe 29 Hitler alikuwa pale hotelini na Goebbels, waziri wake wa propaganda, usiku wakaamua, saa nane usiku wakapanda ndege kwenye kiwanja cha Hangelar jirani na Bonn, alfajiri wako Munich, asubuhi hio ya tarehe 30 wakaenda kumkamata Ernst Röhm kitandani kwenye hoteli nyingine ya Bad Wiessee. Röhm alikuwa rafiki wa Hitler na mkuu wa vijana wa chama waliovaa mashati ya kahawia. Wakaanza kuuana, waliokufa siku hizo hawapungui 80, Röhm mwenyewe alipigwa risasi kesho yake gerezani.

La pili ni Septemba 1938 na hili ndilo linanikera zaidi. Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, mzee wa miaka 69, alikuwa ameshaonana na Hitler wiki moja nyuma kule Berchtesgaden, akaambiwa Ujerumani inataka Sudetenland, yaani ile sehemu ya Czechoslovakia yenye watu wanaosema Kijerumani. Chamberlain akarudi kwao, akahangaika na Wafaransa wakawabana Wacheki mpaka wakakubali, halafu tarehe 22 akapanda ndege tena kuleta jibu. Yeye kalala hoteli ya Petersberg, hio iko juu ya kilima ng'ambo ya mto na ilikuwa ya familia nyingine, akina Mülhens waliokuwa wanatengeneza manukato ya 4711. Hitler yuko Dreesen. Basi mzee anashuka kilima, anaingia kwenye feri, anavuka Rhine, anafika anasema wamekubali ulichotaka, na Hitler anamwambia samahani, hio sasa haitoshi, nataka jeshi langu liingie mara moja!

Hebu fikiria sura yake. Kesho yake asubuhi hakuvuka, alikaa kule juu akaandika barua, ikavushwa na feri, majibu yakarudi na feri, siku nzima hivyo hivyo huku wenyeji wamesimama ukingoni wanaangalia ng'ambo. Usiku ndio akavuka tena, wakiwa mezani ikaingia karatasi kwamba Czechoslovakia imeita wanajeshi wake wote, chumba kikanyamaza. Walipomaliza ilikuwa imeshapita saa saba usiku, na kitu pekee alichopata Chamberlain ni tarehe ya mwisho kusogezwa kutoka Septemba 28 hadi Oktoba 1, na hapo Hitler akajifanya amemfanyia hisani kubwa ambayo hajawahi kumfanyia mtu. Wiki haijaisha wakakutana Munich na Wacheki wakanyang'anywa Sudetenland bila hata kukaribishwa mezani.

Sasa wengine wataniambia mwenye hoteli hana makosa, kazi yake ni kutandika vitanda. Mimi sikubaliani. Kuna mgeni unampokea kwa sababu amelipa, na kuna mgeni unampokea kwa sababu unampenda na ujio wake unakuletea jina, na pale Dreesen ilikuwa zaidi hio ya pili.

SWALI: Jambo mzee. Mimi ni afande mstaafu, Arua. Vita ninavijua, jengo zuri kama hilo halikuchukuliwa na jeshi?

JIBU: Jambo afande. Lilichukuliwa, na kabla hata vita havijaisha. Wanazi waliligeuza gereza. Sio gereza la kuvunja mawe, ilikuwa kambi ndogo iliyohesabiwa chini ya Buchenwald, ile kambi kubwa ya mateso ya Wanazi, wakaweka humo Wafaransa wenye majina, watu wa kubadilishana au kutishia nao. Mmoja wao alikuwa Marie-Agnès Cailliau, dada yake Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliopigana na Wanazi, alikamatwa yeye na mumewe wakaishia humo. Mtu analala kwenye chumba chenye dirisha la kuangalia mto na nje kuna mlinzi wa SS, wale askari wa chama cha Hitler, sijui kama hio ni afadhali au ni mateso ya aina yake. Wakubwa wa Kampala hawatashangaa, wanakumbuka hoteli ya Nile Mansions ilivyokuwa mahali pa kutesea watu enzi za Amin na baada yake, na leo palepale ni Kampala Serena, watu wanakunywa kahawa.

Machi 1945 Wamarekani wakafika Rhine na hoteli ikawa yao. Baadaye wakapita wakimbizi, halafu maofisa wa Ufaransa, maana mwaka 1949 Bonn ilifanywa mji mkuu wa Ujerumani Magharibi na ile Petersberg ng'ambo ndipo walipokaa makamishna wa Marekani, Uingereza na Ufaransa waliokuwa wanaisimamia nchi hio. Familia ilirudishiwa hoteli yao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hapo bahati ikawaangukia tena, kijiji cha chemchemi kimekuwa mtaa wa mabalozi! Serikali ilipohamia Berlin 1999 mabalozi wakafungasha, ikabidi waanze kutafuta harusi na mikutano ya makampuni kama hoteli nyingine zote.

SWALI: Hoteli ukingoni mwa mto, mafuriko je? Mpishi, Entebbe.

JIBU: Yanakuja. Desemba 1993 Rhine ilifika mita 10.63 kwenye kipimo cha Köln, wakasema hatutaona tena, Januari 1995 ikafika 10.69. Lakini Rhine inapanda ikishuka ni siku chache unafagia tope. Nyie Entebbe mwaka 2020 ziwa lilifika mita 13.42, likakaa miezi, gesti za ufukweni zikaoza kuta. Hapo nyie mmeumia zaidi.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni mjane, Mbale, tuna gesti ya vyumba kumi na viwili, watoto wanne, wawili hawasemezani. Hao Wajerumani wanagawaje?

JIBU: Pole sana mama. Kule mzee anaweza kuandika hoteli yote apewe mtoto mmoja. Aliyenyimwa hatoki mikono mitupu, sheria inampa nusu ya fungu ambalo angepata kama hakungekuwa na wosia, ila anadai pesa, hawezi kudai chumba wala kipande cha kiwanja. Kwa hio jengo linabaki zima hata kama ndugu wamenuniana. Na kodi ya urithi, anayeendeleza biashara ya familia miaka 5 anasamehewa 85%, miaka 7 anaweza kusamehewa yote, kuna masharti ya kutopunguza mishahara ya wafanyakazi na mali isipite kiwango fulani.

Hapa Uganda bila wosia, sheria ya urithi iliyorekebishwa 2022 inagawa mali kwa asilimia: mke au mume 20, watoto 75, ndugu tegemezi 4, mrithi wa kimila 1. Ile nyumba ya kukaa familia inalindwa peke yake, lakini gesti inaingia kwenye hesabu, na hapo wale wawili wasiosemezana kila mmoja atataka chake. Kama gesti iko kwa jina lako mama, nenda kwa wakili mwezi huu uandike wosia, na uliza pia kuhusu kuifanya kampuni ili watoto wapate hisa badala ya vyumba. Kama bado iko kwa jina la marehemu, anzia ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayosimamia mali za marehemu, beba cheti cha kifo na cha ndoa.