Jibu: Wageni wa Dar na baridi ya Mbeya mwezi wa 7

Mkuu, umeuliza wageni wako watalalaje Uyole bila wewe kununua vitu vingi. Anzia chini. Baridi hupandia kwenye godoro, kwa hiyo tandika blanketi moja chini ya shuka, la pili wajifunike. Wengi hurundika yote juu, halafu mgeni anatetemeka usiku kucha na anaona aibu kusema.

Jiko la mkaa usiingize chumbani kabisa, hata likibaki majivu yenye moto. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Asubuhi maji ya kuoga: lita 10 za baridi kwanza, ndipo lita 5 zinazochemka. Na kandambili ziwe mlangoni, sakafu ya saruji inauma.