Kwenda Nakuru kuangalia raga ya kina dada: ukifika saa sita umekosa

Msomaji ametuandikia. Wako saba, wanatoka Nairobi, wanataka kwenda Nakuru wikendi ya Prinsloo Sevens, duru ya raga ya wachezaji saba kila upande, na shabaha yao hasa ni mechi za wanawake. Ameuliza swali moja tu: waondoke saa ngapi Jumamosi asubuhi? Jibu fupi ni kwamba wasiondoke Jumamosi. Jibu refu ndilo hili, na litawafaa pia wanaopanga kwenda duru za Dala kule Kisumu au Driftwood kule Mombasa.

Wengi hupanga safari ya raga kwa kuanzia saa ya kuondoka nyumbani. Anzieni kwenye ratiba. Tafuteni saa ya mechi ya kwanza ya kina dada, kisha mhesabu kurudi nyuma. Katika duru za kitaifa za raga ya wachezaji saba kila upande, timu za wanaume ni nyingi kuliko za wanawake, kwa hivyo ratiba hujengwa kuwazunguka wanaume. Kina dada aghalabu hupewa asubuhi, pengine kwenye uwanja wa pembeni, halafu hawaonekani tena hadi alasiri. Mechi moja ni dakika 14 tu: vipindi viwili vya dakika saba saba, na mapumziko ya dakika mbili katikati. Kundi zima linaweza kucheza raundi ya kwanza ndani ya saa moja na nusu. Mkiingia langoni saa sita, raundi hiyo imekwisha, na kesho yake utamsikia mtu akisema kina dada hawakucheza. Walicheza. Ninyi ndio mlikuwa Naivasha mkinunua yogati.

Kwa hivyo ondokeni Ijumaa, na muwe mmeshatoka Nairobi kabla ya saa nane mchana. Kuanzia saa kumi Waiyaki Way huanza kukaza, na kutoka Kangemi hadi Rironi mnaweza kumaliza saa nzima bila kuona hata dalili ya Bonde la Ufa. Asiyepata ruhusa kazini afuate jioni kwa matatu za Nakuru. Msimsubiri. Gari la watu saba linalomsubiri mmoja huondoka saa moja usiku, na hapo mnaingia kwenye malori, giza na ukungu kwa pamoja.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160. Siku njema ni saa tatu. Tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uanze mwishoni mwa 2025, ongezeni saa moja, kwa sababu sehemu zenye michepuko hubadilika na foleni hujitokeza mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa wazi.

Gari sasa. Kwa watu saba, Noah au Voxy moja (gari la familia lenye safu tatu za viti) ina nafuu kuliko magari mawili madogo. Hesabu ni hii: kwenda na kurudi kilomita 320, mizunguko ya mjini Nakuru kilomita 40, jumla 360. Noah ya injini ya 2000cc iliyojaa watu hupata kama kilomita 9 kwa lita, basi ni lita 40. Fielder mbili zinazopata kilomita 13 kwa lita zitakunywa zaidi ya lita 55 kwa jumla. Mkichukua lita moja kwa shilingi 185, Noah ni shilingi 7,400, yaani 1,060 hivi kwa kila mtu. Bei hupangwa upya na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo wikendi ikiangukia baada ya tarehe hiyo, hesabu irudiwe.

Ubaya wa Noah ni mizigo. Viti vya safu ya tatu vikikunjuliwa, buti haibaki. Kila mtu abebe begi moja linaloweza kukaa miguuni, na boksi la barafu liwe moja dogo. Anayekuja na sanduku la magurudumu mwambieni mapema, tena bila haya, kwa sababu sanduku lake litaishia kuziba kioo cha nyuma na dereva hataona malori.

Jioni ya Alhamisi kagueni upepo wa tairi wakati tairi ni baridi, mkifuata kile kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa kipimo cha gari lililojaa. Gari la watu saba lenye upepo wa watu wawili hupasha tairi joto pembeni, na tairi ya zamani hupasuka hapo hapo pembeni. Spea nayo ipimwe, maana spea nyingi hulala chini ya gari mwaka mzima bila upepo. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto na kisanduku cha huduma ya kwanza viwepo, na dereva ajue vilipo.

Njia tunayoipendekeza ni ya juu, kupitia Limuru, Kinale na Kinungi hadi Naivasha. Ile ya chini ya Mai Mahiu, waliyoijenga wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inavutia kwa macho, lakini ni nyembamba, malori huteremka taratibu, na hakuna pa kuyapita kwa usalama. Kwa gari lililojaa, mteremko wake unachosha breki. Dereva akikanyaga breki mfululizo, mafuta ya breki hupata moto hadi kuchemka, mvuke huingia kwenye mabomba, na pedali inazama bila gari kupunguza mwendo. Mkilazimika kupita huko, zimeni O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) au wekeni gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, injini ibebe kazi, na breki zikanyagwe kwa vipindi: kanyaga, punguza, achilia.

Njia ya juu ina shida yake, nayo ni ukungu. Barabara hupanda zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Uplands hadi Kinale kuna asubuhi ambazo huoni bampa ya gari la mbele. Taa za chini ziwake. Taa za juu hugonga ukungu na kukurudia machoni. Msiwashe taa za hatari mkiwa mnatembea, kwa sababu wa nyuma hatajua mnapotaka kupinda. Fuateni mstari wa ukingo wa kushoto. Msilipite lori kwenye kilima eti kwa sababu kuna njia tatu. Anayeteremka naye anaamini njia ya kati ni yake.

Vituo viwe viwili, visizidi. Naivasha kwa choo na chai. Cha pili Kikopey, kama mnataka nyama choma, ingawa hapo ndipo ratiba nyingi hufia: nyama huchukua dakika 45 au zaidi tangu kuchagua hadi kuwekwa mezani, na mkiwa saba lazima atokee anayetaka mbavu zirudishwe motoni. Kikopey iwekeni siku ya kurudi. Viazi na kabeji za Soko Mjinga pia ni za kurudi. Kwenye vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na polisi wenye mashine za kupima kasi wanajua vizuri kwamba wikendi ya raga ina madereva wenye haraka.

Malazi ni ya kuwekwa mapema, wiki tatu kabla. Wikendi ya Prinsloo vyumba vya kati mjini hujaa, na vinavyobaki ni vya bei mbaya au vya juu ya klabu inayopiga muziki hadi alfajiri. Nyumba moja ya vyumba vitatu yenye jiko na mahali pa kuegesha gari ndani ya lango inawafaa watu saba kuliko hoteli. Pesa zikusanywe na mtu mmoja kwa M-Pesa, amana itumwe siku ya kukubaliana, na asiyetuma kufikia tarehe iliyowekwa kiti chake kipewe mwingine. “Nitatuma kesho” imevunja safari nyingi kuliko gia mbovu. Wekeni sheria hiyo wakati kila mtu bado anacheka kwenye kikundi cha WhatsApp.

Jumamosi muwe langoni saa moja na nusu. Piga picha ya ratiba na kuihifadhi kwenye simu kabla hujatoka, kwa sababu mtandao huzidiwa watu wakishajaa. Chupa za glasi haziingii. Asubuhi Nakuru ni baridi na saa tano jua linachoma, kwa hivyo vaeni tabaka: fulana, sweta, kofia. Leso moja kwa kila watu wawili. Ni ya kukalia, kujifunika na kujikinga vumbi. Koti la mvua lisibaki garini. Choo cha wanawake nendeni mechi za wanaume zikiwa katikati. Wakati wa mapumziko foleni yake itawakosesha mechi nzima ijayo. Dakika 14, tunarudia.

Mkae wapi? Watu hugombea katikati ya jukwaa. Kwa raga ya saba tunapendelea kona, karibu na mstari wa trai, ule ambao mchezaji huuvuka na kuuweka mpira chini ili kufunga. Uwanja ni mpana kama wa wachezaji 15 kila upande lakini una watu 14 tu kwa jumla, kwa hivyo mpira husukumwa pembeni kutafuta nafasi, na trai nyingi huishia kwenye ile mita 15 ya ukingo. Ukiwa kona unaona beki wa mwisho akichagua: amfuate mwenye mpira au amzibe anayengoja pasi. Chaguo hilo ndilo mechi.

Kwa mgeni wa mchezo: trai ni pointi 5, mkwaju wa ziada unaofuata trai ni 2, na mkwaju huo hupigwa kwa kuudondosha mpira chini kwanza. Aliyefunga ndiye anayeanzisha tena kwa kuupiga mpira juu, kinyume na raga ya 15, na hapo timu yenye warukaji wazuri inaweza kumfungia mwenzake nje ya mpira dakika tatu nzima. Kwa hiyo trai ikifungwa msigeuke kupiga picha. Tazameni mpira unaofuata hewani. Kadi ya njano ni dakika mbili nje, yaani sehemu moja ya saba ya mechi, na timu iliyobaki na watu sita mara nyingi hufungwa kabla aliyetolewa hajarudi. Sheria za kina dada ni zilezile, uwanja ni uleule.

Na hapa lazima tuseme jambo. Tarehe 27 Septemba 2025, watu 81,885 walijaa Twickenham kuangalia Uingereza ikiilaza Kanada 33–13 katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Hapa kwetu Lionesses, timu ya taifa ya wanawake ya raga ya saba, wamekwenda Olimpiki mara mbili, Rio 2016 wakamaliza nafasi ya 11, na Tokyo nafasi ya 10. Wachezaji wa timu hiyo hupitia duru hizihizi, kwa klabu kama Mwamba, Impala na Nakuru wenyewe. Halafu saa tatu asubuhi wanacheza mbele ya mahema matupu, na wanaojiita mashabiki wa raga bado wamelala kwa ulevi wa Ijumaa. Inakera. Anayesema mchezo wa wanawake hauna watu na yeye mwenyewe hufika saa nane mchana, ajihesabu kwanza miongoni mwa waliokosekana. Ukipenda mchezo utauamkia.

Pombe, basi. Prinsloo ni sherehe pia, na hatutajifanya hatujui. Madereva wawe wawili, na anayeendesha siku inayofuata asinywe. Kulala kwa saa nne tu hakumalizi pombe mwilini, na alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi, haijali ulilala vipi.

Jumapili ndiyo yenye mtego. Foleni ya kurudi Nairobi hujaa kuanzia saa tisa alasiri, hasa kati ya Naivasha na Rironi, kwa hivyo kila mtu hukushauri uondoke saa saba. Ukifanya hivyo utaikosa fainali ya kina dada, ambayo mara nyingi huchezwa jioni, karibu na ile ya wanaume. Umelipa petroli, umelipa nyumba, umeamka alfajiri, halafu unaondoka kabla ya kombe! Lipeni usiku wa tatu, mwondoke Jumatatu saa kumi alfajiri. Wenye kazi ya lazima wapande matatu mara baada ya fainali, na wajue watafika usiku sana.

Mweka hazina atume hesabu kwenye kikundi kufikia Jumatatu saa sita mchana, pamoja na picha za risiti za petroli. Kilichobaki kigawanywe, au kiwe amana ya Driftwood. Huko ni karibu kilomita 480 kwenda tu, na kwa watu saba tungeshauri treni.