Hizo diazepamu usimpe, dada

Dada, hizo diazepamu (vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi) weka chini kwanza. Lile uliloniuliza, lini shemeji arudi barabarani, tutalifikia, ila umeandika unaanza kumpa leo usiku.

Shemeji kaponea ajali ya lori Mlima Nyoka, wiki mbili sasa halali, honi ikilia anaruka, usiku anaamka kalowa jasho. Muuza dawa akasema mpe miligramu 10 kila usiku "mpaka akili itulie". Hawa jamaa wananichosha! Dawa ya cheti anaikata kwa mkasi, anaitia kwenye kibahasha bila jina wala maelezo, halafu anakuambia pole sana. Hata kama shemeji aligonga kichwa hakuuliza. Kama aligonga, na sasa kichwa kinazidi kuuma, anatapika au anasinzia ovyo, ni hospitali leo hii. Kidonge cha usingizi kitaficha hizo dalili.

Baada ya tukio kama hilo mwili unabaki kwenye zamu: adrenalini (homoni ya hofu) juu, moyo mbio, misuli imekaza. Kwa wengi inashuka yenyewe ndani ya wiki kadhaa, kwa kuwa ubongo unajifunza upya: honi imelia, hakuna kilichotokea, imelia tena, hakuna. Somo hilo linahitaji akili iliyo macho mchana na usingizi wa kweli usiku. Diazepamu inafifisha kujifunza, inapunguza usingizi mzito na ule wa ndoto. Analala kama gogo, hofu iko palepale. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2013: dawa za kundi hili zisitolewe kwa mshtuko wala kukosa usingizi ndani ya mwezi wa kwanza.

Halafu haiishi asubuhi. Mabaki yake hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo ukimpa kila usiku yanarundikana, na tajiri akimwita kazini atashika usukani na vidonge vya juzi. Akichanganya na pombe, iwe komoni au ulanzi, pumzi inaweza kukata.

Ubaya mkubwa uko mbele. Wiki chache tu mwili unazoea, 10 haitoshi tena. Akiacha ghafla anatetemeka, halali kabisa, anaweza hata kupata degedege. Hapo ukoo mzima utasema mshtuko umemrudia, wengine karogwa, aongezewe dozi! Kumbe ni dawa inadai. Anayesoma hapa na ameshaimeza kwa wiki kadhaa asiitupe chooni leo. Daktari ataishusha kidogo kidogo, pengine kwa miezi. (Haya, niiteni daktari wa kwenye simu, nimezoea.)

Badala yake: aamke saa 12 asubuhi kila siku, hata kama alilala saa 10 alfajiri. Kahawa mwisho saa 6 mchana, na chai ya rangi ya jioni ihesabuni pia. Akikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, atoke, ajifunike blanketi, akae kwenye mwanga hafifu mpaka asinzie. Akishtuka ndotoni washa taa, akanyage sakafu ya saruji ile ya baridi, aseme yuko wapi na leo ni siku gani. Avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6, dakika 5. Wageni wa pole wasimlazimishe kusimulia ajali upya; akitaka mwenyewe, msikilizeni.

Usukani bado. Aanze kukaa kwenye gari lililozimwa, siku nyingine apande kama abiria barabara tambarare. Asishuke hofu ikiwa kileleni. Asubiri ipungue kwanza, la sivyo ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Mwezi ukipita bado yuko hivyo, mpeleke kliniki ya afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, aulizie tiba ya mazungumzo. Akianza kusema bora angekufa, usisubiri mwezi. Na hicho kibahasha nenda nacho, daktari aone ulichouziwa.