Jibu: Taa za basi la shule zikiwaka, nani asimame?

Ndugu, umeuliza kama anayetoka upande wa pili naye husimama basi la shule likiwasha taa nyekundu huko Marekani. Kwenye barabara isiyo na ukingo katikati, kwa kawaida ndiyo, pande zote mbili. Zile za rangi ya chungwa hutangulia kuonya kwamba basi linakaribia kusimama. Hapo punguza mwendo, usikanyage mafuta ili ulipite kabla halijasimama (wengi hunaswa hapo hapo). Nyekundu zikianza kumetameta na kile kibao cha kusimamisha magari kikafunguka ubavuni, tulia mpaka zizimwe. Penye ukingo wa kutenganisha njia, majimbo mengi humwacha wa upande wa pili apite. Jimbo la New York hawataki hiyo: unasimama tu, ukingo uwepo usiwepo.