Mashine ya salfa iacheni mikoroshoni, hela ipelekeni madirishani

Mkuu uliyeandika humu kutoka Nachingwea, nimeisoma hoja yako yote. Kwa wanaopita: kamati yao ya shule ina hela kidogo iliyobaki, wanataka kujiandaa mapema usije ukazuka tena ugonjwa kama UVIKO. Mjumbe mmoja kapendekeza waazime mashine ya kupulizia mikorosho, wajaze klorini, wapulizie madarasa kila jioni watoto wakishatoka. Wengine wanataka ndoo za kunawia. Anauliza waanzie wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tandahimba, na mwaka 2020 nilikuwa mwalimu wa afya shuleni. Hiyo mashine iacheni. Imebeba salfa (dawa ya unga ya mikorosho) na viuatilifu misimu kadhaa, na klorini si ya kuchanganya na kitu usichokijua. Halafu Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Mei 2020 kwamba halishauri kupulizia dawa vyumbani kama kinga ya kawaida, na kumpulizia mtu ni hatari kabisa. Meza na vitasa futeni kwa kitambaa, yatosha. Lakini hoja kubwa ni hii: kirusi anakitoa mtoto aliyekaa darasani saa tatu asubuhi. Mlichopulizia jana jioni kitamfanya nini?

Hewa ndiyo kazi. Na hewa ikipita vizuri mnapunguza pia kifua kikuu na surua, vinavyosambaa kwa njia hiyohiyo.

Kumbukeni shule zilifungwa Machi 17, 2020, zikafunguliwa Juni 29. Huku kwetu Juni mwishoni kusi limeshika, vumbi linaruka, asubuhi kuna kibaridi. Tuliambiwa tufungue madirisha, tukayafungua, saa moja baadaye ukipita unayakuta yamefungwa. Si ubishi wa walimu. Kulabu zilikuwa zimeng'oka, kila upepo ukivuma ubao wa dirisha unagonga ukuta, mtoto wa pembeni anaogopa kupigwa kichwani, mwalimu anasema funga. Fundi alipoweka kulabu mpya na kigingi cha kushikilia mlango, yalikaa wazi siku nzima bila kusukumana na mtu. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote, na sijaona kamati hata moja ikiyaandika kwenye bajeti.

Kama mna madarasa yale yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO (yale 15,000 ya mwaka 2021), angalieni madirisha yake. Mengi ni ya aluminiamu, vioo vya kusukuma. Yanapendeza, ila ukisukuma kioo kimoja kinakaa nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata ukifungua mpaka mwisho unapata nusu tu ya dirisha. Nyavu za mbu nazo zikijaa vumbi jekundu, hiyo nusu inazidi kupungua. Zipigeni brashi. Kwenye madarasa ya zamani yenye tofali za maua juu ya dirisha, chunguzeni kama hazijazibwa. Kwetu kuna darasa zilizibwa kwa magunia kuzuia popo, na kwenye dirisha la nyuma yalirundikwa madawati mabovu hadi juu.

Namna ya kupima bila kifaa: washa udi katikati ya darasa, milango na madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku ya kawaida, uangalie moshi. Ukitoka mbio upande wa pili, sawa. Ukizunguka na kutulia chini ya dari, hapo itisheni fundi atoboe matundu juu ya ukuta wa upande usio na upepo.

Jambo la kwetu tu: mwezi wa sita hadi wa nane ndio msimu wa salfa, na shule nyingi zimepakana na mikorosho. Watu hupuliza alfajiri umande ukiwa majani, na upepo ukigeuka salfa inaingia darasani, watoto wanakohoa na macho kuwasha. Huwezi kudai madirisha wazi bila kuongea na majirani wa shamba. Kwetu mwenyekiti wa kitongoji aliwaita, wakakubali mistari iliyo jirani na shule wapulize Jumamosi na Jumapili.

Kuhusu kukaa mbalimbali, tusidanganyane. Darasa la mita 7 kwa 8 ni mita za mraba 56. Weka watoto 90, kila mmoja hana hata mita moja ya mraba, dawati likiwemo. Hapo dawa ni zamu mbili, au darasa moja likasome chini ya mkorosho hadi mvua zianze. Barakoa zisaidie pale msipoweza kupanua.

Halafu ofisi ya walimu, ambayo wote huisahau. Watoto wengi UVIKO iliwapita kirahisi, watu wazima ndio walioumia, hasa wenye sukari na presha. Na ofisi zetu ni vyumba vidogo, madirisha yamefungwa ili madaftari yasipeperuke, chai ya saa nne inanywewa humo, watu wanaongea uso kwa uso. Sisi tulihamishia chai nje, kwenye madaftari tukaweka vipande vya tofali. Mwalimu mwenye homa abaki nyumbani, mwalimu mkuu apange mapema nani atashika vipindi vyake.

Maji: ndoo si tatizo, maji ya kujaza ndiyo tatizo, hasa nyie mkiwa mbali na bomba. Tieni mifereji kwenye bati. Paa la mita za mraba 56 likipata mvua ya milimita 20 linavuna lita kama 1,100. Kibuyu chirizi (kidumu cha kunawia kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba ya mguu) watoto wanatengeneza wenyewe. Sabuni ya kipande itaibiwa, iyeyusheni, mtie kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa.

Habari ya nyungu (kujifukiza) siigusi, mjadala utageuka. Wewe piga picha za madarasa yenu kwa nje, useme na madirisha yanatazama upande gani, nikwambie wapi pa kutoboa kabla hamjamlipa fundi.